Ukimya wa Ghorofa ya Tatu

Hapa Reading, mji wa Uingereza, mama mkwe akitaka kumkataa mtu hamfukuzi mlangoni. Humwalika chakula cha mchana siku ya Jumapili, akamkatia nyama ya kuoka, akamuuliza safari ilikuwaje, kisha akamkataa taratibu, kwa adabu zote, kati ya nyama na chai. Nerys alilijua hilo vizuri, maana yeye mwenyewe alishapitishwa kwenye tanuri hilo miaka kumi na minne iliyopita na akaponea chupuchupu.

Kwa hiyo siku Bi Enid Tapscott aliposema, huku anakunja mashuka, "Mwambie huyo Mmarekani wako aje Jumapili. Aje na hiyo ya kwao. Tutaangalia ya kwetu kwanza, halafu ya kwao, tuone," Nerys alielewa kwamba kesi imeshapangiwa tarehe.

Ya kwetu ilikuwa *Ghorofa ya Tatu*, mchezo wa kuchekesha wa televisheni, vipindi sita tu, kuhusu wafanyakazi wa kampuni ya kutengeneza lifti ambao ofisi yao wenyewe iko ghorofa ya tatu ya jengo lenye lifti mbovu. Aliyeuandika ni Clive Tapscott, mtoto wa pekee wa Bi Enid na mume wa Nerys, tena aliuandikia kwenye meza ya jikoni ya nyumba hii hii. Nerys ndiye aliyeuhariri, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, kukata na kuunga picha. Wiki tatu baada ya kipindi cha mwisho kurushwa, Clive alianguka kwenye kituo cha treni, moyo umesimama, na hakuamka tena. Ni miaka sita sasa. Baada ya mazishi Bi Enid alihamia kwa mkwewe, na wale wajane wawili wakaishi pamoja, wakigawana gazeti na birika la chai. Walipendana kwa namna yao. Lakini siku ile ya kituo cha treni hawakuwahi kuizungumza, hata mara moja. Hakuna aliyemkataza mwenzake. Ndivyo watu wa huku walivyo. Jambo likiuma, mtu huuliza kama maji yamechemka.

Ya kwao ilitengenezwa Los Angeles, kwa jina lilelile, na mwandishi wake mkuu alikuwa Lowell Brandt.

Hapo ndipo penye mambo. Lowell alikuja Uingereza mwaka uliopita kutafuta kanda za asili, akaambiwa anazo mjane wa mwandishi. Nerys alimshushia maboksi manane kutoka darini bila kufungua hata moja, kama mtu anayegawa nguo za marehemu. Zikaanza barua, zikafuata simu, na simu zikawa ndefu. Mara ya tatu alipokuja, Lowell hakusingizia kazi tena. Alhamisi iliyopita, wakitembea kando ya mto Thames, alimwomba waoane wakaishi kwake. Nerys akaomba muda mpaka Jumapili. Jumanne Lowell alikuwa anapanda ndege.

Ukweli ni kwamba jibu lilikuwa tayari moyoni, na jibu lilikuwa ndiyo. Alichoogopa ni kulitamka ndani ya nyumba ile, mbele ya mama mkwe, na mbele ya picha ya Clive iliyokaa juu ya televisheni ikitabasamu nusu.

Lowell alifika saa saba kamili akiwa na maua na koti ambalo halikuiweza mvua ile. Alikuwa mtu wa Ohio, mrefu, mwenye mvi mbili tatu kichwani, na tabia ya kumtazama mtu machoni anapozungumza naye, jambo ambalo Bi Enid alilihesabu kuwa upungufu wa malezi.

"Enid, asante sana kwa kunialika."

"Bi Tapscott," alisema Bi Enid huku anapokea maua. "Ingia, unalowa."

Nerys aliinamisha uso asicheke. Lowell akamtupia jicho, jicho fupi tu la mtu aliyeshajua amekosea wapi, na pale kwenye korido nyembamba iliyojaa makoti Nerys akahisi joto linampanda shingoni. Mwanamke wa miaka arobaini na moja. Alijikemea kimoyomoyo, lakini joto halikushuka.

Chakula kilikwenda salama. Lowell alikula viazi vyote, akausifu mchuzi mara mbili, na Bi Enid akamwambia kwamba mara moja ingetosha. Kisha wakahamia sebuleni. Bi Enid alikaa kwenye kiti chake, Nerys na Lowell wakakaa kwenye kochi kama washitakiwa, na katikati yao ukawekwa mto mkubwa wa maua maua. Aliyeuweka ni Bi Enid, kwa mkono wake.

"Sheria ni hizi," alisema, rimoti mkononi. "Kipindi cha mwisho cha kwetu, halafu kipindi cha mwisho cha kwenu. Hakuna kueleza. Kichekesho kinachoelezwa kimeshakufa."

"Nimekubali," alisema Lowell. "Ila kwetu huo ni mwisho wa mwaka wa kwanza tu. Sisi tunaendelea."

"Mmetengeneza vipindi vingapi?"

"Ishirini na viwili."

"Kwa mwaka mmoja?"

"Kwa mwaka mmoja."

"Maskini. Mwanangu aliandika sita akaweka kalamu chini."

"Yeye alikuwa peke yake jikoni, Bi Tapscott. Sisi tuko kumi na wawili chumbani, tunagombana tangu asubuhi ni nani kaleta utani mbovu kuliko wote."

"Inaonekana," alisema Bi Enid, ambaye hajaona hata dakika moja.

Akabonyeza rimoti.

Nerys alikuwa hajaitazama kazi ile tangu mazishi, lakini mikono yake iliikumbuka. Kila mkato ulipokuja alikuwa ameshauhisi kwenye vidole. Ile ofisi yenye dirisha la kijivu. Bwana Pym, bosi, akimwimbia Judith, mfanyakazi anayeacha kazi, wimbo wa kumuaga ambao hakuna aliyeuomba, akausahau katikati, akarudia kuuanza upya. Bi Enid alicheka mpaka akafuta macho. Lowell alicheka pia, ila mahali pengine, pale ambapo hakuna mtu aliyesema kitu.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho. Judith amemaliza kufunga vitu vyake. Mervyn, ambaye amempenda vipindi vyote sita bila kufungua mdomo, amemshikia mlango.

"Haya basi," alisema Judith.

"Haya basi," alisema Mervyn.

Judith akaondoka. Mervyn akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akatazama mashine ya fotokopi. Hakuna muziki. Hakuna neno. Sekunde kumi na tisa nzima, kisha giza. Nerys hakuhitaji saa ya kuzihesabu.

"Hapo," alisema Bi Enid, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Hapo ndipo mwanangu alipo. Magazeti yote yaliandika juu ya huo ukimya. Nani mwingine angethubutu kumwacha mtu amekaa vile? Clive aliyajua maisha. Watu hawafukuzani kwenye maegesho ya magari kama kwenye sinema za Kimarekani."

Nerys alitazama kikombe chake. Kwa miaka sita alikuwa anasikia maneno hayo kila Krismasi, kila kumbukumbu ya kifo, na kila mara aliyameza.

"Haya," alisema Bi Enid. "Leta hiyo yako."

"Zamu ya mshitakiwa," alisema Lowell, akainuka kuweka diski. Hakuwa anatabasamu sana. Nerys aliliona hilo, akadhani ni woga wa mkwe.

Picha ikatokea, na sebule ya mvua ikajaa jua.

"Hii ofisi ina jua la nini?" aliuliza Bi Enid.

"Hadithi iko Toledo, kwetu Ohio. Jua lipo."

"Na hayo meno. Nani anashinda anatengeneza lifti akiwa na meno kama hayo?"

"Meno niliyapinga, nikashindwa."

"Na huyu bosi wenu mbona anapendeka? Bwana Pym alikuwa balaa, nilikuwa natamani kumzaba kibao. Huyu natamani kumpikia."

"Bwana Pym alikaa na watu vipindi sita akaondoka zake. Mtu mbaya unaweza kumvumilia kiasi hicho. Wa kwetu ataingia kwenye sebule za watu kila wiki kwa miaka. Ilibidi tumpe angalau sababu moja ya kupendwa."

"Kwa hiyo nyinyi mnampenda kila mtu."

"Tunajaribu. Na nyinyi mnapenda, Bi Tapscott, sema mnafungia kwenye kabati pamoja na zile sahani za wageni."

Bi Enid alikunywa chai haraka ili mdomo wake usionekane. Nerys aliuona ukitabasamu. Mama atampenda, alijisemea. Itachukua mwaka, itachukua hata miwili, lakini atampenda. Mkono wake ukapita chini ya ule mto wa maua maua, ukakutana na mkono wa Lowell, na kwa muda kidogo hakuona tena kilichokuwa kwenye televisheni.

Alipotazama tena, ilikuwa sehemu ya mwisho.

"Haya basi," alisema Carrie, Judith wa kule.

"Haya basi," alisema Dale, Mervyn wa kule.

Carrie akaondoka. Dale akakaa. Ukimya ukaanza, na ndani ya ukimya ule mlikuwa na kitu.

Kwanza ilikuwa kalamu ya kubonyeza. Tik. Kimya. Tik, tik. Kisha pumzi ya mwanamume, karibu sana, inayotoka puani na kamluzi kembamba mwishoni. Mikono ya Dale ilikuwa mitupu juu ya meza, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Pumzi ile haikuwa yake.

Bi Enid aliteremsha kikombe chake juu ya kisahani bila kutoa sauti.

Sekunde ya tisa, Dale aliinuka. Alibonyeza lifti, lifti haikuja, akashika ngazi. Alishuka mbiombio, akampita bosi, akatoka nje kwenye maegesho, akamkuta Carrie ameshaweka ufunguo kwenye mlango wa gari.

"Nimechelewa," alisema Dale akihema. "Nilikuwa natafuta neno zuri la kukwambia. Sikulipata. Basi nimekuja bila neno."

Carrie alimtazama. Picha ikaishia usoni mwake.

Nerys aliuachia mkono wa Lowell. Maneno yale aliyajua. Aliwahi kuyasikia mara nyingi kwenye chumba chake cha kuhariri, kwa sauti ya Mervyn, chini ya mvua ya Reading, kisha akayakata kwa mkono wake mwenyewe.

"Rudisha," alisema Bi Enid. "Pale alipokaa."

Lowell alirudisha.

"Ongeza sauti."

Tik. Kimya. Tik, tik. Pumzi, na kamluzi kake.

"Huyo ni Clive," alisema Bi Enid. Hakuwa anauliza. "Alivunjika pua akiwa na miaka tisa, kwenye baiskeli. Nimelala chumba cha pili nikiusikia mluzi huo miaka kumi." Aligeuka kumtazama Lowell, na rangi ilikuwa imemtoka. "Umempata wapi mwanangu?"

"Kwenye maboksi," Lowell alijibu polepole. "Tukimaliza kurekodi mahali, fundi sauti huwaambia watu wote wasimame kimya kwa nusu dakika, arekodi chumba peke yake. Kila chumba kina ukimya wake. Mhariri huutumia kuziba nyufa. Nilikuta kanda ya ukimya wa ile ofisi yenu, juu imeandikwa, *Mbovu. Clive tena.* Walirekodi nyingine safi baadaye. Mimi nikachukua ile mbovu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka awepo."

Nerys aliona kana kwamba mtu amefungua mlango wa nyuma na kuingia, akasimama hapo nyuma ya kochi na kalamu yake, asijue akae wapi. Alitaka kugeuka kutazama, na aliogopa kugeuka.

"Awepo," alirudia Bi Enid. "Umechukua pumzi ya mwanangu ukaichovya kwenye sukari yenu. Kukimbia ngazi. Neno zuri. Clive asingeandika upuuzi huo hata kwa kushikiwa bunduki. Ungekuwa na heshima hata kidogo, usingemtia mdomoni maneno ambayo si yake."

Lowell alimtazama Nerys. Ulikuwa mtazamo wa mtu anayejua, ambaye hatasema. Angekaa pale akatukanwa mpaka chai ipoe, angekwenda zake Jumanne akiwa mwizi, na asingesema.

"Aliyaandika, Mama," alisema Nerys.

"Nini?"

"Hayo maneno. Na ngazi, na maegesho ya magari. Clive ndiye aliyeandika, na tulirekodi. Mervyn alikimbia kwenye mvua siku nzima mpaka akapata homa. Mimi ndiye niliyekata."

Bi Enid alimtazama bila kuelewa.

"Ule ukimya ni wangu," alisema Nerys. "Sekunde zote kumi na tisa."

"Umekata mwisho wa mwanangu? Kwa nini?"

"Kwa hasira."

Neno lilipotoka, mengine yakafuata yenyewe. "Unakumbuka mwezi wa sita mwaka ule nilipokwenda Swansea, kule Wales, kwa dada yangu? Nilikwambia mtoto wake anaumwa. Mtoto hakuwa anaumwa. Nilikuwa nimemwacha Clive. Tulikuwa tumefika mahali tunaandikiana karatasi jikoni kama wapangaji. Nikakaa kwa dada wiki mbili nikimsubiri aje anichukue. Hakuja. Hakupiga hata simu. Nikarudi kwa sababu ya kazi tu, na siku ya kwanza kazini naikuta sehemu hiyo, mtu anashuka ngazi tatu tatu kumfuata mwanamke. Nikasema, ahaa, bwana wewe, kuandika unajua. Kupanda treni ndiyo hujui. Nikamkata Mervyn nikamkalisha kwenye kiti. Nilitaka Clive akae pale ajitazame."

"Alisema nini?"

"Alikuja kuangalia. Akatazama mpaka mwisho. Akasema, ni bora hivyo. Akatoka akaenda bustanini. Halafu kila mtu akamsifu, na hakumsahihisha mtu, na mimi pia nikanyamaza. Mwezi wa kumi nikaondoka tena kwenda kwa dada, Mama, safari hii moja kwa moja. Siku ya nne ukanipigia simu kwamba amefia kituoni, akienda kazini."

Mvua ilikuwa inapiga dirishani. Bi Enid alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu, na Nerys alingoja apigwe na neno lolote litakalokuja, kwa kuwa alistahili.

"Sikusema anakwenda kazini," alisema Bi Enid.

"Ulisema yuko kituoni."

"Nilisema yuko kituoni. Nerys. Walimwokota kwenye jukwaa la treni za Wales."

Nerys aligeuka kumtazama.

"Vitu vyake nilipewa mimi hospitali, wewe ulikuwa bado njiani. Tikiti zilikuwa kwenye pochi yake. Moja ya kwenda Swansea." Aliachia mikono ya kiti. "Na mbili za kurudi. Nilidhani unajua, mwanangu. Nilidhani alikwambia anakuja. Nikasema huyu binti ana lake moyoni, asiulizwe, akitaka ataniambia mwenyewe. Nikangoja uniambie."

Miaka sita. Asubuhi elfu mbili na zaidi, mayai na mkate na gazeti, mama mkwe akingoja aambiwe, na mkwe akidhani hakuna la kuambiwa. Nerys alisimama. Alikuja. Alikuwa anakuja. Ndani ya nyumba ile, kwa miaka sita, yeye alikuwa amemchukia mtu aliyefia njiani akimfuata.

Lowell alikuwa ameshatoka sebuleni. Nerys alimkuta koridoni, koti mkononi, amesimama katikati ya makoti mengine bila kulivaa.

"Ulijua ni mimi niliyekata," alisema Nerys.

"Nilijua. Karatasi za uhariri zina herufi za jina lako." Alilikunja koti mkononi. "Ya tikiti sikuyajua, nakuapia. Ila ukurasa wake niliukuta kwenye boksi. Ule wa maegesho ya magari. Penye jina la Judith alikuwa ameandika Nerys, akalifuta, akaandika Judith juu yake. Nikajua ule ukurasa ulikuwa wa nani."

"Ungeweza kunyamaza. Ungetengeneza mwisho wako, ungenichukua, ningekwenda."

"Najua."

"Basi kwa nini, Lowell?"

"Kwa sababu ningeishi na wewe miaka thelathini nikijua kwamba nimekupata kwa kuwa mwenzangu hakusikilizwa. Nilitaka umsikie kwanza. Halafu unijibu mimi."

Hakukuwa na mwanamume mwingine duniani ambaye angefanya hivyo, na Nerys alimpenda pale koridoni kuliko alivyompenda kando ya mto. Alitaka ayaseme hayo. Alisogea akaweka paji lake kifuani pake, na mikono yake ikamzunguka, na shati lake lilinuka mvua na mchuzi wa Jumapili. Wakakaa hivyo.

"Jibu lilikuwa ndiyo," alisema ndani ya shati. "Tangu Alhamisi."

"Lilikuwa," alisema Lowell.

"Nilikuwa mwanamke aliyeachwa. Mwanamke aliyeachwa anaweza kupenda tena, hakuna anayemdai kitu. Miaka yote sita mimi nilikuwa nimeachwa tu, Lowell." Aliinua uso. "Leo ndiyo nimefiwa."

Lowell alimtazama kwa muda mrefu, machoni, kwa ile tabia yake. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyaficha.

"Nikusubiri?"

"Usinisubiri. Sijui msiba huu utaisha lini, na mimi nimeshamkalisha mtu mmoja kwenye kiti. Nenda nyumbani, ukaishi."

Alimbusu kwenye paji la uso. Alivaa koti lake lisiloweza mvua, akafungua mlango mwenyewe, na hakugeuka, kwa sababu Nerys alikuwa amemwomba kwa macho asigeuke. Gari liliwaka, likangoja kidogo pale nje, pengine ili kupasha kioo moto, pengine si hivyo. Kisha likaondoka. Nerys alisikiliza mpaka likapotea kwenye barabara kubwa, na mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa.

Bi Enid hakuwa amesogea. Televisheni ilikuwa imebaki na rangi ya bluu tupu.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Kwa ajili ya Clive?"

"Kwa ajili yangu."

Bi Enid alitikisa kichwa polepole. Akauondoa ule mto wa maua maua kwenye kochi, akauweka sakafuni karibu na miguu yake, na Nerys akaja akaukalia, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama mkwe wake. Hawakuwahi kukaa hivyo. Mkono wa mama yule ulitua juu ya nywele zake kwa woga, kama unaomba ruhusa, kisha ukatulia.

"Niambie siku ile, Mama," alisema Nerys. "Yote. Tangu asubuhi."

Bi Enid alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayetembea kwenye chumba cha giza akipapasa samani.

"Alinipigia simu saa moja asubuhi. Nikashangaa, Clive hapigi simu asubuhi. Akaniuliza avae shati gani, jeupe au la kijani. Nikamwambia, wewe mtu mzima, unakwenda kazini, vaa lolote. Akacheka. Alikuwa na furaha, Nerys. Akasema siendi kazini. Akasema, nakwenda kumchukua mke wangu, na naogopa."

Hapo Nerys alilia, kwa sauti, na mama mkwe wake akamwacha alie.